Mpishi kwa Mujibu wa Sheria

Sijui wenzetu huko kwenu mnaishije, lakini watu wa nchi ninayoisimulia wana bahati. Serikali yao ni sikivu. Husikiliza kila kitu, hata yale mliyokuwa mnanong'onezana, na ikishasikia huyatungia sheria.

Basi kuna msemo mmoja wa maneno matatu. Unaujua. Sote tuliupata kabla hatujaota meno yote, siku tulipokutana na ng'ombe kwenye kichochoro, au na lori, au na askari. Unahusu mtu mwenye mabavu, na adabu unayotakiwa kumfanyia mkikutana mahali pembamba. Siuandiki hapa. Tangu Bunge la nchi ile liutwae, msemo ule ni mali ya serikali, na anayetaka kuutamka hadharani hujaza fomu nakala nne. Mimi fomu sijajaza.

Siku ulipotwaliwa naikumbuka vizuri, maana umeme ulirudi mji mzima ili tutazame matangazo ya moja kwa moja, kisha ukaondoka pamoja na Spika. Aliyewasilisha muswada ni Waziri wa Haki na Nguvu. Zamani zilikuwa wizara mbili. Moja ilimezwa na nyingine, na mpaka leo haijatangazwa ipi.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri, "tangu uhuru tumekuwa tukiendesha mahakama kwa mateso. Mashahidi, vielelezo, mawakili, rufaa. Na mwishowe anashinda nani? Anashinda yule yule ambaye kila mtu alijua atashinda. Serikali yenu sikivu imeona iondoe huu usumbufu wa katikati."

Wakapiga meza mpaka bilauri zikamwagika. Kuanzia siku ile hakimu hatahangaika tena kuuliza nani ana haki. Atauliza nani ana nguvu, na akishampata, haki itapelekwa huko huko aliko, na dereva wa serikali.

Mbunge mmoja wa viti vya nyuma alisimama akauliza nguvu yenyewe ni nini, na itapimwaje. Akaambiwa akae. Akakaa. Kumbukumbu za Bunge zinaonyesha kwamba swali lilijibiwa kwa vitendo.

Hata hivyo wataalamu waliona sheria isiyo na kifungu cha tafsiri ni sawa na kanzu isiyo na kola, wakaongeza Kifungu cha Pili: mwenye nguvu atatambuliwa kama unavyoeleza msemo wenyewe. Chini yake wakauweka msemo wote, maneno matatu kwa wino mzito, kisha nukta.

Ndipo muswada ukaenda kwa mpiga chapa wa Gazeti la Serikali.

*

Tuiache sheria kidogo niwaeleze kuhusu Mfaume Kipande, msukuma mkokoteni.

Mfaume alikuwa akipeleka maji mtaa wa juu, madumu ishirini na mawili, gurudumu la kushoto likatumbukia mtaroni. Wakati huo huo ukatokea msafara wa Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Tambwe Lugome, magari kumi na moja, ukikimbilia kufungua choo cha shule. Barabara ilikuwa nyembamba. Askari wa pikipiki akamwamuru Mfaume apishe.

"Afande, mimi napisha," alisema Mfaume, na kweli alikuwa amesimama kando kabisa, mgongo umegusa ukuta. "Mkokoteni ndio haupishi."

Watu wawili watatu wakacheka. Msafara ukasimama dakika nne. Hapakuwa na aliyeumia wala kilichovunjika, ila choo kilifunguliwa kwa kuchelewa dakika nne, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri ufunguzi hakuweza kusubiri.

Mfaume akashtakiwa kwa kutopisha. Mshtakiwa wa pili ulikuwa mkokoteni, na yale maneno ya Mfaume yakaingizwa kwenye jalada kama ungamo alilolitoa kwa niaba yake na ya mwenzake. Wote wawili wakapelekwa rumande. Mkokoteni ulipata nafasi nzuri, uani, penye hewa. Mfaume aliwekwa kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu kumi na wawili, akawa wa sabini na moja. Mle ndani wanalala kwa zamu, na kugeuka ubavu ni jambo la makubaliano.

Kila baada ya siku kumi na nne aliletwa mahakamani, na kila alipoletwa shauri liliahirishwa kwa sababu mlalamikaji, Mheshimiwa, alikuwa kwenye ufunguzi mwingine. Wiki zikafika tisa.

*

Mkewe Mfaume ni Zamoyoni, ambaye watu wote wa pale humwita Mama Chausiku. Ni mama ntilie. Kwa miaka ishirini na miwili amepika nyuma ya jengo la mahakama, chini ya mabati manne: ugali, maharage, dagaa, na chapati asubuhi. Mahakimu wamebadilika, sheria zimebadilika, bendera yenyewe iliongezwa mstari, yeye akawa anawalisha wote. Nilipata kumwona mwendesha mashtaka akimdai mtu kifungo cha miaka thelathini, na dakika kumi baadaye akimbembeleza Mama Chausiku amwongezee mchuzi.

Chapati alizifunga kwa karatasi za Gazeti la Serikali. Gazeti lilifika mahakamani bando kwa bando, na kwa kuwa hapakuwa na msomaji, karani wa mahakama, Bwana Mwinchande, alikuwa akimpelekea mwenyewe, akisifu kwamba wino wake haushiki kwenye mafuta.

Asubuhi moja Mama Chausiku alikuwa anafunga chapati tatu za karani huyo huyo, macho yakamwangukia kwenye maandishi mazito. Alisoma mpaka darasa la saba, lakini alilisoma vizuri. Akaifungua ile karatasi, akaweka chapati pembeni.

"Bwana Mwinchande, hebu nisomee hapa. Neno la mwisho."

"Mama Chausiku, nina kesi saa tatu."

"Nisomee."

Karani akasoma. Akarudi nyuma akasoma tena, midomo ikicheza. Neno la tatu, lile linalotutaka tusogee kando, lilitakiwa limalizike kwa e. Mpiga chapa alilimalizia kwa i.

"Wameandika mpishi," alisema polepole.

"Na juu yake wanasema hiyo ndiyo tafsiri ya mwenye nguvu."

"Mama, hii ni karatasi ya chapati."

"Ya chapati, lakini ina ngao ya taifa," alisema Mama Chausiku. "Sasa niambie wewe msomi. Katika kesi ya mume wangu, mpishi ni nani?"

Bwana Mwinchande akakumbuka kesi yake ya saa tatu. Aliondoka bila chapati zake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

*

Huenda mgeni akauliza kwa nini wasisahihishe tu. Mgeni huyo hafahamu historia. Katika nchi ile Gazeti la Serikali halikosei. Lina sheria yake tangu enzi za Rais wa kwanza. Wapo waliosahau, mimi sijasahau, mwaka lile Gazeti lilipochapa kwamba Juni ina siku thelathini na moja. Tuliamka tukaiishi siku hiyo. Watumishi walikwenda kazini, maduka yakafunguliwa, na jirani yangu mmoja akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo sasa ana ndevu, lakini kwa mujibu wa cheti hajawahi kutimiza mwaka.

Kwa hiyo Mama Chausiku aliposimama mbele ya Hakimu Kalekwa, kanga kiunoni na karatasi yenye alama ya mafuta mkononi, akaomba Kifungu cha Pili kisomwe, hapakuwa na wa kumzuia. Hakimu alisoma mara tatu. Mara ya tatu alivua miwani, labda akitumaini. Akaomba maji. Akamuuliza mwendesha mashtaka kama mlalamikaji, Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, anajua kupika chochote. Mwendesha mashtaka alisema hana maelekezo juu ya hilo.

Hakimu Kalekwa si mtu mbaya. Ana watoto sita na nyumba ya serikali. Alisema kwamba sheria iko wazi: mwenye nguvu katika shauri hili ni mke wa mshtakiwa, na mume na mke ni kitu kimoja, hivyo msafara ndio uliopaswa kupisha mkokoteni. Hukumu rasmi ataisoma baada ya siku kumi na nne. Mpaka hapo mshtakiwa arudi rumande, akiwa mshindi.

*

Siku kumi na nne zile sijaona mfano wake, na nimeona mengi.

Habari zilifika kila jiko kabla ya adhuhuri. Mpishi wa shule ya bweni alimfuata mwalimu mkuu ofisini, mwalimu mkuu akasimama mwenyewe akampa kiti. Dada wa kazi mmoja, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amepewa ruhusa kwenda kwao, hata wiki ile alipofiwa na baba yake, alifunga begi lake mchana kweupe, na mwenye nyumba akambebea mpaka stendi. Wajane waliokuwa wamenyang'anywa viwanja na mashemeji walikwenda mahakamani wameshika miiko, wakarudi na hati. Kambi moja ya jeshi ilipokea amri kutoka jikoni, ikapiga kwata mpaka ghalani kuchambua mchele.

Mama Chausiku mwenyewe alivuka barabara akaona trafiki amesimamisha magari pande zote mbili. Alisimama katikati, hajui afanye nini, mpaka trafiki akamwambia kwa heshima, "Pita, mama."

Nguvu zake alizitumia mara moja tu. Alipika wali na samaki wa nazi, akautia kwenye bakuli lenye mfuniko, akaenda gereza la rumande. Siku nyingine zote alikuwa akirudishwa getini. Safari hii askari alimpigia saluti, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya Jamhuri. Kisha akaingia kibandani akala.

*

Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu mfululizo. Nasikia Mwanasheria Mkuu alipendekeza lichapwe sahihisho, akaulizwa kama ana maana kwamba serikali ilikosea, akasema hapana, alikuwa anapima tu sauti yake. Mwishowe ni yule yule Waziri wa Haki na Nguvu aliyewatoa.

"Mbona tunajitesa?" aliwaambia. "Sheria inasema mwenye nguvu ni mpishi. Sawa. Kesho tuwe wapishi."

Jumatatu waliapishwa, mkono mmoja kwenye Katiba na mwingine kwenye sufuria. Rais akawa Mpishi Mkuu wa Taifa. Wakuu wa majimbo wakawa wapishi wa majimbo. Mkuu wa Polisi aliapishwa kuwa Mpishi Msaidizi, Idara ya Nyama, na hakuna aliyecheka, maana wapo wanaoijua idara hiyo. Misafara ikaongezewa gari moja la kubeba jiko. Wake za waheshimiwa walishonewa aproni za hariri, na redioni kukawa na kipindi cha kumpongeza kiongozi fulani kwa namna anavyokata kitunguu.

Wiki hiyo hiyo likaundwa Baraza la Taifa la Usajili wa Wapishi. Mama Chausiku alipanga foleni tangu alfajiri, akafikia dirisha saa nane mchana. Kijana wa dirishani alimwamkia shikamoo, kwa adabu kabisa, kisha akamuuliza amesomea upishi chuo gani.

Alisema kwa mama yake.

Kijana akapekua orodha ya vyuo. Akamuuliza ana vazi jeupe, kofia ndefu, barua ya utambulisho kutoka kwa mpishi aliyesajiliwa? Wapishi waliosajiliwa kwa wakati ule walikuwa mia mbili na sita, na wote walikuwa na ulinzi.

"Mwanangu, hata wewe umekula kwangu," alisema Mama Chausiku. "Juzi juzi hapa, maharage."

"Nilikula, mama. Yalikuwa matamu mno. Lakini kitaalamu yale hukuyapika. Uliyachemsha."

Akampa kitambulisho cha rangi ya kijivu: Mchemshaji wa Kujitegemea. Dada wa kazi yule aliyekwenda msibani alirudishwa na askari kabla ya arobaini. Wajane walirudisha hati. Miiko waliruhusiwa kubaki nayo.

*

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hakimu Kalekwa alieleza kwamba mambo yamebadilika kidogo. Sasa anaye mlalamikaji ambaye ni mpishi aliyesajiliwa, na upande wa mshtakiwa unaye mtu ambaye amechemsha kwa muda mrefu. Hata hivyo mahakama yake ni ya haki, haitaki kusikia minong'ono. Mheshimiwa amekubali, kwa hiari na unyenyekevu, kupika ugali hapa hapa mbele ya umma. Ukionekana umeiva, nguvu itakuwa imethibitika.

Mheshimiwa Kanali Mstaafu Tambwe Lugome akaingia, kofia nyeupe ikigusa kizingiti. Mtu mmoja alimshikia sufuria, wa pili mwiko, wa tatu alisimama na unga kwenye sinia kama anayebeba mahari. Mheshimiwa akatoa kwanza hotuba ya dakika arobaini kuhusu usafi wa mikono. Kisha akamwaga unga wote kwa mkupuo mmoja kwenye maji ambayo hayajachemka, akauzungusha mara saba, akatazama saa yake, maana kulikuwa na daraja la kufungua, akasema tayari.

Juu uling'aa kama plasta. Mwendesha mashtaka alimega wa kwanza, akatafuna, machozi yakamlenga, akasema amemkumbuka mama yake. Bwana Mwinchande alimega kidogo sana, akameza bila kutafuna, hakumtazama mtu. Hakimu alikula, akaandika: kielelezo cha kwanza kimeonjwa, kimeiva. Wazee wa baraza wakala. Wote wakasema umeiva, na kila aliyesema alikuwa na unga kwenye kona za mdomo.

Zamu ikafika kwa Mama Chausiku. Sheria ya ushahidi iliwataka wa upande wa pili nao waridhie, ili isisemwe kwamba pameonewa mtu.

Alimega. Tonge lilipasuka vidoleni mwake, ndani mkavu, unga mtupu, ukapukutika kwenye kanga yake. Alilitia mdomoni. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha wasichana wengi kusonga, na wangapi wameondoka kwake wanalia kwa sababu amewarudishia sufuria motoni, akiwaambia mtu akilipa au asilipe hapewi kibichi.

Hakimu Kalekwa aliinama kwake, akamwambia kwa sauti ya chini, karibu ya upole. Akisema umeiva, mlalamikaji atakuwa ameshinda, na mshindi yuko tayari kusamehe leo hii. Karatasi ya kumtoa Mfaume imeshapigwa muhuri, ile pale. Akisema mbichi, itakuwa ni kuidharau mahakama, naye atapelekwa rumande ya wanawake, na shauri la mumewe litaanza upya, wiki ya kwanza.

"Tafuna vizuri, mama," alisema. "Usiharakishe."

Mama Chausiku aligeuka akamtazama mumewe. Mfaume alikuwa kizimbani, shati limekuwa kubwa, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto aliyetoka kuugua surua. Alitafuta macho yake ampe ishara yoyote, sema au usiseme. Mfaume hakumtazama. Alikuwa anaitazama sufuria. Mama Chausiku alidhani ni aibu.

Akalimeza lile tonge.

"Umeiva," alisema.

Wakashangilia. Kengele ikagongwa, picha zikapigwa. Mheshimiwa alifurahi kupita kiasi, na katika furaha hiyo akaamuru sufuria yote iliyobaki apewe aliyesamehewa, ili taifa lione uongozi unaolisha. Mfaume akafunguliwa pingu. Alikaa chini pale pale, miguu kaitandaza, sufuria katikati. Hakunawa. Alikula kwa mikono yote miwili, akakomba pembeni, akakomba chini, akaulamba mwiko. Alipomaliza alisimama kwa shida akasema, kabla hajaambiwa aseme, "Ahsante, Mheshimiwa. Umeiva."

Hilo ndilo lililotoka kwenye taarifa ya habari, na kwenye toleo lililofuata la Gazeti la Serikali.

Wakatoka wawili, mke amemshika mume mkono. Mkokoteni waliambiwa bado unahojiwa. Walipita lango, wakapita mabati manne ya Mama Chausiku, wakakata kona ya posta, na hapo tu, alipohakikisha hakuna kofia nyeupe mbele wala nyuma, ndipo Mama Chausiku alipopunguza mwendo akamwambia mumewe kwa sauti ndogo.

"Baba Chausiku. Na wewe ulisema vile kwa ajili yao, sivyo?"

"Nilisema vipi?"

"Kwamba umeiva."

Mfaume alisimama. Akamtazama, kwa mara ya kwanza kutwa nzima, akamtazama sana, kama mtu anayetafuta kosa alilolifanya asilijue.

"Kwani haukuiva?" aliuliza.